Uzinduzi wa Maabara ya Uhandisi wa Programu, Kasulu

Mheshimiwa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, ambaye naye ametuma mwakilishi. Mkuu wa Chuo. Viongozi wa dini zote mliovumilia jua. Wadau kutoka Kibondo mliofika na vumbi lenu. Wanachuo wa sayansi ya kompyuta. Na mimi mwenyewe, Lusajo, Mratibu Mwandamizi wa Mageuzi ya Kidijitali, ambaye nisipojitaja hakuna atakayenitaja. Nawasalimu kwa Kiha: Mwakeye! (Wachache: "Mwakeye.")

Ndugu zangu, katika muktadha mtambuka wa zama hizi, kusoma sayansi ya kompyuta bila uhandisi wa programu ni kujifunza kusonga ugali bila sufuria. (Kicheko.) Mwanachuo ana nadharia yote kichwani, lakini hajawahi kukaa na muuguzi akamuuliza anataka mfumo gani, akautengeneza, ukagoma, akautengeneza tena. Hayo tumeyabaini kwa upembuzi yakinifu, uliofanyika hotelini, asilimia mia moja ya washiriki wakisifu chakula. (Makofi meza kuu.) Hata mimi ninayesimamia mageuzi haya, kompyuta yangu ya ofisini nimeifunika kitambaa cha kufuma, na ikibidi kuiwasha namwita katibu wangu Josepha. (Josepha anatikisa kichwa.) Msinicheke, semina nimehudhuria zote.

Naona mkono. Simama, binti. (Asnath, wa mwaka wa mwisho: "Shikamoo mheshimiwa. Ijumaa natakiwa nionyeshe mfumo wangu wa foleni ya zahanati ukifanya kazi, la sivyo simalizi chuo. Nimeuandika wote kwenye karatasi, sijaujaribu hata mara moja. Tukimaliza hapa tunaruhusiwa kuingia?") Marahaba. Swali zuri mno, linaakisi ushirikishwaji. Uhandisi una hatua zake: kuuliza watumiaji, kusanifu, kujenga, kujaribu, ndipo kuzindua. Sisi, kwa ubunifu wetu, tumeanza na kuzindua. (Makofi, kisha minong'ono.)

Basi tuitikie kwa sauti moja: vitendo kwanza! (Umati: "Kwanza!") Nadharia baadaye! (Umati: "Baadaye!")

Namalizia kwa shukrani. Nawashukuru wafadhili, ambao barua ya kuwaomba tutawaandikia wiki ijayo. Namshukuru Mama Pelagia kwa kiwanja cha maabara, ambacho atatukabidhi akishavuna maharage yake. Na kwa namna ya pekee namshukuru fundi Reverien, aliyetuchongea mlango huu na kuupigilia misumari ukutani, tupate pa kufungia utepe. Asnath, mwanangu, naona haya kukwambia, lakini acha kuusukuma. Nyuma yake ni ukuta.