Kamba ya Mbuzi wa Mholanzi

Jumatatu, 3 Juni 2002, Butembo
Neema imeshuka! Mholanzi amevuka mpaka wa Kasindi na begi mgongoni, anatafuta Afrika ya kweli. Anaitwa Wouter. Vita havimhusu, eti wanajeshi wanaharibu picha. Nimemwahidi sherehe ya posa ya Wanande, ya asili kabisa, mradi anunue mbuzi. Hajui kwamba posa ni yangu. Abigaïl ananingoja tangu mwaka juzi, na mimi mfuko mtupu. Akili ninayo, lakini!

Jumatano, 5 Juni, Alimbongo
Kwenye barrière, kizuizi cha barabarani, wanajeshi wamemnyang'anya Wouter tochi. Amefurahi kama aliyepewa zawadi. Nimeumia mimi, tochi ile nilishaipigia hesabu.

Mjomba wa Abigaïl, mzee Muyisa, nimemwomba afiche redio, kwa kuwa si ya kimila. Akauliza tutajuaje saa ya kukimbilia porini. Mama mkwe mtarajiwa, kiongozi wa kwaya ya Waprotestanti, amekataa kuvua miwani. Wajeuri hawa! Nimemwambia Wouter miwani hiyo ni ya mababu. Ameamini.

Alhamisi, 6 Juni
Balaa! Tulipatana Wouter atazame tu, mimi nimkabidhi mjomba kamba ya mbuzi. Kumbe bwana hakuja Afrika kutazama, anataka kushiriki. Akanipokonya kamba, akapiga magoti, akamkabidhi Muyisa mwenyewe. Hapa kila mtoto anajua: anayetoa kamba ndiye anayeposa. Nikasema ulikuwa mchezo. Wapi! Nilipomaliza kujieleza wajomba walishatafuna hadi kwato. Muyisa akajifuta mdomo taratibu.

« Kitsa, mbuzi tumeisha kula. Mukwe ni ule muzungu. Weye uko mujumbe yake. »

Ijumaa, 7 Juni
Wouter alipoelezwa kwamba ameposa kweli, alidandia lori la viazi akatoweka. Asili imemtosha. Na mkwe akitoroka, mjumbe ndiye anayemtolea mbuzi waliobaki wa mahari! Nimembembeleza Abigaïl awaambie wajomba kwamba mtu wake ni mimi. Hakuinua macho kwenye maharagwe aliyokuwa akichambua.

« Ye alileta mbuzi, Kitsa. Weye ulileta ye. »

Imeniuma. Nampenda yule msichana.

Jumapili, 9 Juni, Butembo
Nimefikiri vizuri: kosa lote ni la Wouter. Nasikia Wajerumani wawili wenye mabegi wamefika Beni. Hao nitawaandalia matanga ya asili, na sitakubali uzembe tena. Maiti nitakuwa mimi mwenyewe.