Nyumba ya Wageni Ziwani Rukwa

Jumatatu, 3 Oktoba 1949
Imekamilika! Nyumba ya wageni, tofali za kuchoma, mlango unatazama Ziwa Rukwa, maji hapo hapo. Ya kwanza pwani yote hii. Nyasi za kuezekea zilipungua kidogo, nikachukua za jiko la mke wangu Nesta. Amenuna. Amesema wageni wasipolala humo hadi Jumapili, nyasi zinarudi jikoni kabla ya mvua. Nimekubali bila wasiwasi. Tarishi wa boma amesema Mzungu wa Mbeya na mkewe wanakuja Jumamosi kutazama ndege.

Jumanne, 4 Oktoba
Osea, yule mvuvi, naye anataka wageni. Eti na banda lake la matete! Kila kiangazi hulibeba kufuata maji. Nimemwambia mtu mzima hahamihami. Akacheka, akasema ziwa haliheshimu tofali. Wivu ni kidonda!

Wageni hupenda historia, nimewatungia. Chifu wa kale alioga hapa, baridi yabisi ikapona, akaoa wake watatu wiki hiyo hiyo. Nesta amesema historia ya hapa ni mbu, na wenye akili walishahamia milimani. Hilo sitalitaja.

Alhamisi, 6 Oktoba
Maji yamesogea nyuma kidogo. Si kitu. Nimekunywa uji mlangoni, viboko wanakoroma, korongo wamejaa tele. Nilijiona liwali. Jamani, kwetu kuzuri!

Ijumaa, 7 Oktoba
Maji yamesogea mbali sana. Nimechimba mfereji kutwa nzima ili kulirudisha ziwa. Ziwa limekataa. Amekuja kambale mmoja tu. Nesta amemkausha.

Jumamosi, 8 Oktoba
Wamefika. Mama wa Kizungu kasimama mlangoni, akauliza ziwa liko wapi. Nimemwonyesha kwa kidole. Ameomba darubini. Nikasimulia ya chifu. Bwana akauliza alioga kwenye tope hili?

Mara Osea huyo, matete kichwani! Akalisimika banda lake ukingoni kabisa, nao wakamfuata. Wamelala huko. Na historia yangu kaisimulia yeye, kaongeza wake wawili. Mwizi mkubwa!

Jumapili, 9 Oktoba
Baada ya ibada nimeshusha nyasi, nimeezeka jiko. Ahadi ni deni. Nesta amecheka hadi machozi, kisha akanipakulia ugali na yule kambale. Mtamu! Nimeshiba, moyo mweupe, nampenda mke wangu huyu.

Amesema mvua zikinyesha ziwa litarudi, litapita hata mlango wangu. Wanawake na ziwa! Kosa langu nimeshaliona: nilijenga mbali mno na maji. Kesho nafyatua tofali upya. Safari hii najenga pale pale lilipo banda la Osea, miguu ya wageni iguse maji wakiwa kitandani.

Nyasi hazinisumbui. Nimelitazama banda la kuku la Nesta. Limeezekwa vizuri sana.