Msiipe Maabara ya Bondeni Jina Langu

Ndugu Mwenyekiti wa Ushirikiano wa Shule za Ukanda,

Kuna jambo nimelificha tangu nilipoanzisha ushirikiano huu unaouongoza sasa, na kwa kuwa daktari ameacha kuniambia kwamba nitapona, nalitoa. Kanuni niliyoitunga mwenyewe ilitaka kila shule yenye nafuu ipeleke mwalimu wake bora kwenye shule dhaifu. Mimi, mkuu wa shule ya mjini, nilipeleka kwenye shule ya bondeni, dhaifu kuliko zote, mwalimu niliyetaka aniondokee. Ni yule ambaye wanafunzi walimwita Mwalimu Kwanini, maana hakukubali kitu bila kuuliza sababu, hata saa ya chai. Nilisimama kikaoni nikasema ni hodari kuliko wote. Mkapiga makofi.

Sasa mnataka kuipa maabara mpya ya bondeni jina langu, eti nilipunguza pengo la elimu. Napinga kwa heshima zote, na malalamiko yangu ni haya:

1. Bondeni walinisadiki. Badala ya kumwachia mwalimu yule kazi ya kutunza chaki, walimkabidhi sayansi. Mtihani wa pamoja niliuanzisha ili pengo lionekane. Linaonekana, ila limegeuka: walio chini ni sisi.

2. Wakuu wenzangu waliniiga bila hata kuniomba ruhusa. Kila mmoja alimtoa mbishi wake. Bondeni pakajaa wabishi watupu, na katika chumba cha walimu chenye meza moja na viti visivyotosha, wanabishana namna ya kufundisha hesabu za sehemu mpaka chai inapoa. Huo si ushirikiano, ni njama dhidi ya shule zenye majina.

3. Hadubini tuliyowapa kwa moyo mkunjufu ilikuwa mbovu, nilihakikisha mwenyewe. Wameifungua darasani, wakaitengeneza. Juzi mjukuu wangu, anayesoma shule yangu ya zamani, alipanda basi kwenda kuitumia. Nikamwuliza haoni haya. Akanijibu, "Babu, yetu iko kwenye kabati la kioo. Haturuhusiwi kuigusa."

4. Daktari wangu naye alisoma bondeni. Ananiuliza kwa nini vidonge alivyonipa viko chini ya godoro. Mgonjwa wa hadhi yangu hawezi tena hata kufa kwa utulivu.

Kwa hiyo naomba pengo lirudishwe, hata nusu yake. Wapelekeeni walimu wetu watiifu, wale wasiouliza kitu. Wawili wanatosha kuirudisha shule yoyote mahali pake. Naye Mwalimu Kwanini aletwe mjini, apewe cheo kikubwa kisicho na darasa.

Nisalimie kamati nzima, pamoja na mhazini, ambaye natumaini siku hizi halali kikaoni.

Mimi niliyekutangulia kwenye kiti hicho, na ambaye bado napumua,
Mkuu wa Shule Mstaafu

Baada ya kutia sahihi: Nilipokuwa nafunga bahasha, Mwalimu Kwanini ameingia kunijulia hali, kama afanyavyo kila Jumapili. Nimemsomea barua yote nikitarajia anune. Ameuliza moja tu: "Sasa mkuu wangu, kwa nini mimi?" Nikajifanya nimesinzia. Yaacheni maombi yangu yote, na jina la mlangoni liwe lake. Mfikishie na jibu, maana mbele yake nimeshindwa: siku ile kikaoni sikudanganya. Alikuwa hodari kuliko wote, hata mimi, na ndiyo maana nilimwondoa.