Chupa ya Kumi na Mbili ya Baba

Jumanne, 6 Novemba
Barua imefika. Mwonjaji wa divai kutoka Milano, Bi Fulvia Tassinari, anakuja Ijumaa. Akiipenda Merlot yetu, divai yetu nyekundu, tutaingia kwenye kitabu chao cha divai bora. Jirani Ubaldo yumo tangu mwaka juzi, na tangu hapo hatupumui kwa majigambo yake. Dada Ersilia kasema atammiminia mavuno ya mwaka juzi, basi. Mimi nisikanyage ghalani. Kaniuliza kama nakumbuka nilivyoyaharibu yale mapipa. Nakumbuka. Yalikuwa mawili tu!

Nimeionja hiyo ya mwaka juzi kwa siri. Inakaza ulimi. Tumekwisha.

Jumatano, 7 Novemba
Wazo limenijia nikinyoa ndevu. Nimejikata.

Baba alifariki kabla ya kuionja divai ya mavuno yake ya mwisho. Tulipata chupa kumi na mbili. Kila sikukuu ya Mtakatifu Martino, somo yake Baba, Ersilia hufungua moja. Imebaki moja, ya Jumapili hii. Mimi sijawahi kuonja hata tone. Mwaka wa kwanza tulikuwa tumenuniana. Mwaka mwingine nilikuwa nauza uyoga, na wanunuzi walikuwa wananitafuta. Miaka mingine sikumbuki, ila shughuli zilikuwepo. Mwaka huu nimemwapia Ersilia nitakuja.

Na nitakuja. Ila divai yenyewe itamfaa zaidi Bi Tassinari. Baba angekubali. Babake Ubaldo alimcheka kijiji kizima kikisikia, eti kapanda Merlot, mizabibu ya Wafaransa.

Alhamisi, 8 Novemba
Ersilia kaenda kwa daktari wa meno. Nimeingia ghalani. Divai ya Baba nimeichuja mashapo kwa kitambaa cha kuchujia jibini na kuitia kwenye chupa ya mwaka juzi ambayo Ersilia ameshaitenga kwa ajili ya mgeni. Ya mwaka juzi nimeitia kwenye chupa ya Baba. Vizibo vimekaa sawa.

Tone moja lilinidondokea kidoleni. Nikalifuta kwenye suruali. Chupa lazima ijae, nilikuwa nawaza hilo tu. Chupa ya Baba nimeirudisha mahali pake na vumbi lake.

Ijumaa, 9 Novemba
Nimeshika kalamu mara tatu.

Bi Tassinari ni mwembamba, ana daftari. Ersilia alimimina. Bibi akaizungusha glasi, akanusa, akavuta funda, akasukutua nayo. Halafu akaitema kwenye ndoo! Divai ya Baba! Nilijua kwamba waonjaji hutema. Kila mtu huku anajua. Sikuwa nimefikiria ni nini atakachokitema.

Akasema divai ya miaka miwili haiwi na rangi ya matofali ukingoni, kama divai kuukuu. Imechoka, chupa hii imeharibika. Ersilia akaona haya, akafungua nyingine ya mwaka juzi, akaiacha wazi nusu saa. Bibi akaonja, akaandika kurasa mbili, akaomba mkate. Kitabuni tumeingia. Kumbe ya mwaka juzi haikuwa na shida yoyote, ilitaka tu kupumua nusu saa.

Hiyo iliyoharibika Ersilia akaibeba hadi jikoni, akaimimina yote kwenye pipa la siki, kama tunavyofanya na mabaki siku zote. Nilisimama mlangoni. Ningeweza kusema. Ilichukua muda kutoka yote, na mimi nimefungua mdomo tu.

Jumapili, 11 Novemba
Nilifika mapema, nimevaa shati jeupe. Ersilia alinishika shavu. Karanga za miti ya msituni zilikuwa motoni, glasi mbili mezani. Alianza kulia kabla hata ya kuvuta kizibo.

Akaonja. Akaiweka glasi chini. Akaonja tena.

"Hii nimeitengeneza mimi," akasema.

Nikamwambia yote, hadi pipa la siki. Nilitaka anitukane. Hakunitukana. Alimenya karanga moja, akaimaliza, ndipo akasema:

"Miaka kumi na moja nakuwekea glasi, Oreste. Kila mwaka naiosha ikiwa safi."

Nimerudi nyumbani kwa miguu. Gari nimelisahau kwake.

Jumatatu, 12 Novemba
Nimefuata gari. Ersilia alikuwa shambani anapogoa. Hakuinua kichwa, nami sikumwita. Najuta, kweli najuta. Kama kuna mtu hapa duniani anayejuta ni mimi.

Nikapitia jikoni. Nikafungua bomba la pipa, nikachota kijiko kimoja cha siki, nikanywa. Kali, machozi yakanitoka. Nyuma ya ukali kulikuwa na kitu kama plamu iliyoiva. Au nilitaka kiwepo. Nilisema samahani, Baba, kwa sauti, mbele ya pipa.

Nikachota cha pili. Kwa kweli si siki mbaya hata kidogo. Ubaldo hana siki yenye historia. Vichupa vidogo, picha ya Baba mbele, kizibo chekundu. Bi Tassinari ameacha anwani yake.

Ersilia anaenda tena kwa daktari wa meno Alhamisi.