Mngurumo wa Jenereta Utaondoka kwa Kadi

Ndugu Mwenyekiti wa mkutano, Ndugu Makamu Mwenyekiti wa mkutano, Ndugu Katibu na wasaidizi wake, Mashehe wetu, mabalozi wa nyumba kumi wa Chikongola na Magomeni, na ninyi nyote ambao karatasi yangu haikuwa na nafasi ya kuwataja! Mimi, Thabiti Waziri, Afisa Mwandamizi wa Mradi wa Kuchuja Sauti kwa Kompyuta, nawasalimu kwa niaba ya Mradi, na kwa niaba yangu mwenyewe. (Makofi.)

Mwaka jana, 1973, alinijia Bibi Mwanakombo, huyu hapa mstari wa mbele, na utepe wenye sauti ya marehemu mumewe, Mzee Abdallah, akisoma maulidi Mikindani. Ndio utepe pekee alionao, na jenereta iliyokuwa uani imeunguruma humo mpaka mzee anasikika kama yumo ndani ya pipa. Akaniambia, "Mwanangu, mjukuu wangu Hamisa hakumwona babu yake. Nataka amsikie tu." Nilitokwa na machozi, jambo ambalo limo katika ripoti yangu, ukurasa wa tatu. (Kicheko nyuma. Afisa anasubiri kiishe.)

Kiteknikali, ndugu wananchi, kila sauti ina masafa yake: jenereta hutetema mara hamsini kwa sekunde, huko chini, mchakacho wa utepe uko huko juu, mzee yupo katikati. Kompyuta huandikiwa programu, yaani maagizo yaliyotobolewa kwenye kadi, nayo hupitisha masafa ya katikati na kuzuia mengine, kama kifumbu kinavyopitisha tui na kuzuia machicha. (Akina mama: "Hapo tumekuelewa!")

Utekelezaji umefikia asilimia tisini na nane! Tumekwisha kutoboa kadi elfu nne, kila moja matundu mawili, mahali pale pale, kwa mashine yetu ya kutobolea mafaili, ili pasiwe na upendeleo baina ya kadi na kadi. (Mwalimu Filipo: "Zote zikisema neno moja, kompyuta itaelewa nini?") Mwalimu, hilo ni la awamu ya pili.

(Bibi Mwanakombo: "Na utepe wangu uko wapi, mwanangu?") Upo salama, mama, nakuja huko huko.

Mngurumo! (Wachache: "Utoke!") Sauti ya mnyonge! ("Isikike!") Kadi! (Kimya.)

Mwisho, nashukuru. Namshukuru atakayetuletea kompyuta, siku tutakapoandika barua ya kuiomba. Zaidi namshukuru Bibi Mwanakombo, kwani stoo yetu haikuwa na utepe mwingine, na hotuba hii ya kihistoria inarekodiwa juu ya ule wake, mwanzo hadi mwisho. Na asubuhi, tulipojaribu kurekodi, niliusikiliza kidogo, mama, mngurumo haumo tena kabisa.

(Bibi Mwanakombo amesimama. "Zima," anasema. "Zima hiyo mashine.")

Makofi, ndugu wananchi, makofi! Bado inarekodi.