Banksia Kando ya Birika la Chai

Kwa Bibi Noeleen Tranter,
Mwenyekiti, Klabu ya Bonsai ya Wirrabeen

Ndugu Mwenyekiti,

Kwa miaka mingi nimesumbuliwa na swali moja, hata nimewahi kulichomeka katika mihadhara iliyohusu mambo mengine kabisa: mti wa Australia ukifanywa bonsai, yaani ukidumazwa chunguni na kuelekezwa kwa waya, unapaswa kufanana na nani? Nalileta kwako sasa kwa kuwa maonyesho yetu ya Aprili yamekaribia, na kamati yako ndiyo itakayoamua kama banksia yangu, mzaliwa wa vichaka vya nchi hii, itakaa meza kuu au itarudishwa ilikowekwa mwaka jana. Naomba ikae meza kuu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mwaka jana banksia yangu iliwekwa kando ya birika la chai. Sidai kwamba jambo hilo lilifanywa kwa chuki. Lakini ilifukizwa na mvuke tangu asubuhi, na kufikia mchana vikombe viwili vilikuwa vimekaa juu ya kuvumwani iliyofunika udongo wake, pamoja na kipande cha keki ya nazi kilichokwisha kuumwa. Nilimsikia mgeni akimwambia mwenzake, "We weka tu hapo, hicho si kichaka cha mapambo?" Misonobari ya Kijapani iliyokaa meza kuu haikushikishwa kikombe cha mtu.

2. Jaji wetu, Bwana Lindsay Corrigan, ambaye ni jirani yangu na ninamheshimu, alisimama mbele ya banksia hiyo mikono mgongoni. "Verity, huu umeuotesha au umeuokota?" Nilimweleza kwamba banksia haina unyenyekevu wa msonobari. Hutoa tawi inapopenda, na maua yake ya rangi ya chungwa husimama wima kama mishumaa. "Ndiyo hayo sasa," akasema. "Hapa tunashindanisha miti, dada yangu, si vichaka vyenye maringo." Watu walicheka. Nami nilicheka, jambo ambalo hadi leo sijalielewa.

3. Nilikuwa na banksia mbili. Ya pili niliiacha kwenye kibanda cha klabu nilipokwenda kumwona dada yangu mjini Hobart. Glenys Ashby, mwangalizi wa kibanda, alipoona majani yamefifia, aliipa mbolea ileile anayoipa misonobari, kisha akaongeza kwa huruma. Mizizi ya banksia imezoea udongo wetu maskini; fosforasi ikizidi, huiua. "Lakini mpenzi, ilikuwa na njaa," aliniambia, machozi yakimlengalenga. Haikuwa na njaa. Ilikuwa nyumbani kwao. Sitatumia neno mauaji, ingawa nimelipima kwa uangalifu.

4. Tarehe ya maonyesho hupangwa kila mwaka ili miti ya Kijapani iwe imegeuza majani kuwa mekundu kwa baridi inayoanza. Sikumbuki ua lolote la hapa likiulizwa huchanua lini.

Kutokana na hayo, naiomba kamati itende haki iliyo sawa. Ikiwa miti yetu inapimwa kwa kipimo cha miti ya kigeni, basi wageni nao wapimwe kwa kipimo cha nchi hii, nacho ni moto. Matunda ya banksia ni magumu kama mbao, na hufumba midomo yake miaka na miaka mpaka moto upite, ndipo humwaga mbegu. Napendekeza kwa heshima kwamba maonyesho yafunguliwe kwa moto mdogo, wenye uangalizi, juu ya meza kuu, na tuzo upewe mti utakaokuwa na watoto kufikia majira ya kuchipua.

Pingamizi nimekwisha kuliona. Banksia yangu itakuwa ya kwanza kufa, kwa maana aina hii haichipui tena ikiungua. Lakini itakufa imeacha mbegu. Mreteni wa Bwana Corrigan, mgeni mwenzake na misonobari, utaacha chungu kitupu.

Nilimwendea Keith Mulvaney, nahodha wa zimamoto wa kujitolea, nipate ushauri wa kitaalamu. "Verity," akasema, "kama moto ni lazima uwepo, si tuuwashe huko nje tuchome soseji?" Naliwasilisha wazo lake kama njia ya maridhiano.

Hata hivyo, sina budi kukiri kwamba hoja yangu ina ufa. Kilimani nyuma ya nyumba yangu, banksia za aina hiihii hupita paa. Yangu hainifiki kiwikoni. Aliyeikata si Bwana Corrigan.

Nifikishie salamu kwa wanakamati wote, kwa Glenys (mwambie hasira imepungua), na kwa mumeo Ross pamoja na goti lake.

Wako katika mapenzi ya miti midogo,
Verity Maddern

Baada ya kusaini: Lindsay amepita sasa hivi kurudisha ngazi yangu. Banksia ilikuwa barazani, jua likiwa nyuma yake. Jumanne niliikata maua ili ipendeze, na matawi nilikuwa nimeyainamisha kwa waya. Majani yake, kama ujuavyo, ni membamba kama sindano. Lindsay alisimama getini. "Huo msonobari umeupata wapi? Ehe, huo ndio mti sasa." Nikasema asante. Sikumsahihisha, nilimkaribisha chai.

Kwa hiyo tafadhali msiwashe moto wowote. Ikipatikana nafasi katikati ya misonobari, itatosha, na jina la mti liandikwe kwa herufi ndogo. Swali langu, basi, halijajibiwa, na nadhani nimeijua sababu. Nimemuuliza jaji, nimeiuliza kamati, nimewauliza hata zimamoto, ilhali aliyefurahi kuliko wote pale barazani, banksia ilipoitwa msonobari, nilikuwa mimi.