Kufuli na Askari Wanaowaka

Habari aliileta Redio, fundi simu, aliyepewa jina hilo kwa sababu hana kitufe cha kuzimia. Alijitupa kwenye benchi la kahawa, akasoma kwenye simu yake kama anatangaza mpira.

"Jamani, wataalamu wana protini inayotoa mwanga! Wanaichanganya na damu, inakwenda kunasa aina moja tu ya chembe, tuseme wale askari wa mwili. Askari wakiwaka, mashine inawahesabu!"

Kufuli akakiweka kikombe chini. Yeye ni mlinzi wa ghala la rangi, hapo ng'ambo ya barabara, na raha yake yote ni kona moja yenye giza nyuma ya madebe, anakouchapa usingizi bosi asimwone.

"Mimi jana nimetolewa damu," alisema kwa sauti ndogo. "Kipimo hichohicho."

"Basi kwisha habari yako," alidakia Wembe, kinyozi. "Utawaka."

"Inayowaka ni ile ya kwenye kichupa, bwana," Redio alisema.

"Damu ni ndugu! Ya kichupani iwake, ya mwilini ikae kimya?"

Redio akarudi kwenye simu yake kuisoma habari upya. Hapo Kufuli akaogopa kwelikweli.

"Nikilala huku nawaka, si bosi ataniona toka getini? Nitafukuzwa! Nina watoto mimi!"

"Acha kudeka, tukupime." Wembe alivuta turubai la muuza kahawa, wakajifunika wote watatu, wanaume wazima na ndevu zao, mchana kweupe.

"Vua shati."

"Nimevua."

"Mbona huwaki? Hebu jikamue!"

Kufuli akabana pumzi, akajikamua. Ghafla paja lake likawaka.

"Yalaa!" Wembe aliruka, akamkanyaga Redio. "Askari hao! Mguu mzima!"

"Simu hiyo, iko mfukoni! Pokea, na wewe Wembe nitolee kisigino!"

Alikuwa bosi. Kufuli akakohoa, akakaza sauti. "Shikamoo bosi. Niko getini, macho kodo, hata nzi hapiti."

"Marahaba." Sauti ilitoka simuni, ikatoka na nje ya turubai. Pembe ikainuliwa. Bosi alikuwa amekaa benchini, kahawa yake imebaki nusu.

"Nasikia siku hizi askari wanawashwa ndio wahesabike," alisema. "Mimi ninaye mmoja, na kila nikihesabu napata sifuri. Rudi kazini. Ile kona ya nyuma ya madebe nimeshaifungia taa."

Hapo ndipo Kufuli alipolia.